Njia za mkato kwenye teminali: zilivyonisaidia, na siku moja zilivyonigharimu



Wengi mnaopita hapa mmezoea nikiandika habari za nafasi za kupandia mahindi, viwavijeshi vamizi na utunzaji wa samadi. Leo naomba mnivumilie niandike habari za kompyuta. Sababu ni mbili. Kwanza, kila nikienda kwenye kikao na maafisa ugani wenzangu wakaona kioo cheusi cha laptopu yangu, wananiuliza kama nimeanza udukuzi. Pili, msimu uliopita nilifanya kosa kubwa kwa kutumia kioo hicho hicho, na nimeona niliandike lote. Mshauri anayetaja makosa ya wakulima tu na ya kwake akayaficha, huyo si mshauri.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa TEHAMA. Nina stashahada ya kilimo, na kazi yangu ni pikipiki, mashamba na ripoti. Kwa hiyo nitaeleza kama nilivyojifunza mwenyewe.

Ilivyoanza

Laptopu yangu ni ya zamani, kumbukumbu yake ni GB 2 tu. Ilifika mahali nikiiwasha naweza kwenda kunywa chai nikarudi haijafunguka. Mpwa wangu, ambaye yuko chuoni, alikuja likizo akaniambia, "Mjomba, usiitupe hii, tuiwekee Linux." Akaiweka. Ikaanza kufunguka upesi. Kisha akanionyesha dirisha jeusi linaloitwa teminali, yaani mahali unapoandika amri kwa maneno badala ya kubofya vipicha.

Ndani ya dirisha hilo kuna programu inayopokea maneno yako na kuyatekeleza. Inaitwa sheli. Usiichanganye na sheli ya mafuta. Hii maana yake ni ganda, kwa kuwa ndiyo inayozunguka kiini cha mfumo, na wewe unagusa ganda tu. Kwenye laptopu yangu sheli inaitwa Bash. Iliandikwa na Brian Fox, ikatoka mwaka 1989, na jina lake ni mchezo wa maneno juu ya sheli ya zamani ya Stephen Bourne wa Bell Labs, iliyotoka mwaka 1979. Kwa hiyo ni chombo cha siku nyingi, ndiyo maana hata laptopu dhaifu inakimudu.

Kazi yangu inafaa sana kwa chombo hiki. Kata yangu ina vijiji sita. Kila kijiji kina faili lake la wakulima: jina, kitongoji, ekari, namba ya simu. Kabla ya kupeleka orodha halmashauri lazima niangalie nani amejirudia, namba gani ya simu imetumiwa na watu wawili, na nani hana ekari. Kwa kubofya, kazi hiyo ilikuwa inanila siku mbili. Kwa teminali, namba za simu zilizojirudia nazipata kwa mstari mmoja:

cut -d, -f4 kijiji1.csv | sort | uniq -d

Amri ya kwanza inakata safu ya nne, ya pili inapanga, ya tatu inaonyesha zile tu zilizojitokeza zaidi ya mara moja. Sekunde moja imekwisha.

Njia za mkato ni nini

Tatizo ni kwamba mistari kama hiyo inachosha kuandika kila siku, na ukikosea herufi moja inagoma. Hapo ndipo mpwa wangu alinifundisha kutengeneza majina yangu mwenyewe. Unaipa sheli neno fupi, na kila ukiliandika inatekeleza mstari mrefu ulioufunga ndani yake. Majina haya yanawekwa kwenye faili linaloitwa .bashrc, ambalo Bash hulisoma kila unapofungua dirisha la teminali.

Ukitaka kujaribu, fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza, weka nakala ya faili hilo kabla ya kuligusa:

cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani

Alama ile ya wimbi ni kifupi cha folda yako ya nyumbani. Ukiharibu, una pa kurudi.

Hatua ya pili, lifungue kwa kihariri chepesi:

nano ~/.bashrc

Hatua ya tatu, shuka mpaka mwisho wa faili, andika jina lako la mkato. Langu la kwanza lilikuwa hili, la kunifikisha kwenye folda ya kazi:

alias kata='cd ~/Nyaraka/kata/wakulima'

Zingatia: usiweke nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa, na tumia alama moja moja za kunukuu. Ukiweka nafasi, sheli haitakuelewa.

Hatua ya nne, hifadhi kwa Ctrl na O kisha Enter, toka kwa Ctrl na X, halafu uiambie sheli isome upya:

source ~/.bashrc

Kuanzia hapo ukiandika kata tu, umefika.

Kama neno lako linahitaji kupokea kitu, mfano jina la mkulima unayemtafuta, hapo alias haitoshi, unatumia fanksheni:

tafuta() { grep -i "$1" ~/Nyaraka/kata/wakulima/*.csv; }

Nikiandika tafuta na jina, inapita mafaili yote sita na kuniambia mtu huyo yuko kijiji gani. Ile -i inafanya isijali herufi kubwa wala ndogo, jambo la maana sana, kwa sababu kila mtendaji wa kijiji anaandika majina kwa mtindo wake.

Faida moja ya sisi tunaozungumza Kiswahili ni kwamba majina yetu hayagongani ovyo na amri zilizopo. Hata hivyo kabla ya kuchagua jina, andika type na neno hilo. Sheli itakuambia kama tayari lina kazi au la.

Nilivyonogewa

Ndani ya miezi mitatu nilikuwa na majina zaidi ya ishirini. Nilianza kurembesha. Kwa kawaida teminali kabla ya kukuachia uandike inatanguliza maneno: jina lako, jina la kompyuta, na folda uliyopo. Mimi nikaona yale maneno yanajaza kioo. Nikayafuta yote, nikabakiza alama ya dola peke yake:

PS1='$ '

Kioo kikawa kisafi kweli kweli. Nikakipenda.

Halafu nikatengeneza jina jingine. Nilikuwa na folda niliyoiita muda, ninamoweka picha na fomu za kupita zinazotumwa kwa WhatsApp. Ilikuwa inajaa haraka. Nikaandika:

alias safi='cd ~/muda; rm -rf *'

Maana yake: nenda kwenye folda ya muda, kisha futa kila kilichomo bila kuuliza. Ilifanya kazi vizuri kwa wiki nyingi. Nilikuwa naandika safi kama mtu anayefagia uwanja asubuhi.

Jumamosi ile

Ilikuwa wakati wa kuandaa orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku. Zilibaki siku sita kukabidhi. Nilikuwa na majina 1,146. Jioni ile nilikuwa ndani ya folda ya wakulima nikimalizia kusahihisha namba za simu. Mapema mchana nilikuwa nimepunguza mafolda nisiyoyahitaji, na katika kupunguza nikaifuta folda ya muda yenyewe, nikidhani nitaiunda tena baadaye. Sikuikumbuka tena.

Saa mbili usiku, nikiwa nimechoka, nikaandika safi.

Sheli ilijaribu kwenda kwenye folda ya muda, haikuikuta, ikasema hakuna kitu kama hicho. Lakini ile nukta mkato niliyoweka kati ya amri mbili maana yake ni "maliza hii, kisha fanya ile," iwe ya kwanza imefaulu au imeshindwa. Kwa hiyo ikaendelea na ya pili pale pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama kwenye folda ya wakulima. Ikafuta vijiji vyote sita.

Na kioo hakikuniambia niko wapi, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyefuta maneno ya kuniambia. Niliona dola tu, safi, kama nilivyotaka.

Kitu kilichofutwa kwa rm hakiendi kwenye pipa la taka kama unapobofya. Kimeondoka. Nilikaa pale nikiangalia kioo, mke wangu akaniuliza kama nimepata taarifa ya msiba.

Flashi yangu ilikuwa na nakala ya wiki tatu nyuma, vijiji vinne tu. Viwili havikuwepo. Majina mengi ya vijiji hivyo yalikuwa kwenye madaftari ya watendaji, kwa hiyo Jumapili asubuhi nikawasha pikipiki. Siku nne nilikuwa nikinakili upya na kupiga simu kuhakikisha namba. Lakini kulikuwa na watu kumi na wanne ambao niliwaandikisha mwenyewe njiani, moja kwa moja kwenye laptopu, na hawakuwa kwenye daftari lolote. Kumi na watatu niliwakumbuka. Mmoja sikumkumbuka.

Mama wa kitongoji cha juu

Orodha ilikwenda kwa wakati. Watu waliponiuliza kwa nini nimerudi mara ya pili kuwauliza mambo yale yale, niliwajibu kama tunavyojibu sote: mtandao ulisumbua. Wakakubali, maana mtandao husumbua kweli.

Mvua za kupandia zilipoanza, mama mmoja mjane wa kitongoji cha juu alikwenda kwa wakala wa pembejeo na fedha yake mkononi. Jina halikuonekana. Akateremka hadi ofisini kwangu. Nikamwambia, "Mama, mtandao unasumbua, subiri kidogo." Baada ya siku chache akateremka tena. Kutoka kwake hadi ofisini ni zaidi ya saa moja na nusu kwa miguu. Mara ya pili ile ndipo nilipokumbuka: nilimwandikisha chini ya mti karibu na kisima, akanitajia ekari moja na robo, na nikamsifia kwa matuta yake ya kuzuia mmomonyoko.

Nikampa kiti, nikamweleza ukweli. Sikumtajia sheli wala nukta mkato. Nilimwambia, "Mama, jina lako nililifuta mimi kwa uzembe, si mtandao, na nakuomba radhi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana shamba, mimi nilidhani nimekosea kutaja jina langu."

Neno hilo limenikaa. Alikuwa amepanda na kushuka kilima mara mbili akijilaumu mwenyewe kwa kosa langu. Fursa ya kuongeza majina ilipopatikana, lake lilikuwa la kwanza kuingia, na mbolea ya kukuzia aliiwahi. Ya kupandia ilikuwa imempita. Alipanda kwa samadi peke yake, na mahindi yake hayakulingana na ya jirani zake. Hilo siwezi kulirekebisha kwa amri yoyote.

Nilichobadilisha

Huwa nawaambia wakulima kila mwaka: usihamishie kiuatilifu kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda inashikika vizuri, inaingia mfukoni, lakini nje inasema soda na ndani ni sumu, na siku moja mtoto atainywa. Njia yangu ya mkato ilikuwa chupa ya soda. Jina fupi na zuri kwa nje, na ndani amri kali isiyouliza. Kwa hiyo nimejiwekea masharti haya, nami nakushauri uyafuate.

1. Amri ya kufuta haifichwi ndani ya jina la mkato. Nikitaka kufuta naiandika kamili, kwa mkono, nikiisoma. Jina safi bado ninalo, lakini sasa linahamisha tu:

safi() { mv --backup=numbered ~/muda/* ~/takataka/; }

Hapa hakuna kwenda popote kwanza. Njia kamili imetajwa, kwa hiyo niwe nimesimama wapi haijalishi. Folda ya muda isipokuwepo, amri inagoma na hakuna kinachoharibika. Kile kipande cha backup kinazuia faili jipya lisifunike la zamani lenye jina lile lile. Folda ya takataka naipitia mwisho wa mwezi.

2. Ukiunganisha amri mbili na ya pili inategemea ya kwanza, tumia && badala ya nukta mkato. Maana yake ni "fanya ya pili endapo tu ya kwanza imefaulu." Alama hizo mbili zingeniokoa siku nne na mbolea ya mtu.

3. Sheli ikuonyeshe uko wapi, daima. Sasa yangu iko hivi:

PS1='\[\e[1;33m\]\w\[\e[0m\] \$ '

Ile \w ndiyo inayotaja folda uliyopo, na namba 1;33 inaipa rangi ya njano. Mabano yenye mkwaju wa nyuma usiyaache: yanaiambia Bash kwamba alama za rangi hazichukui nafasi kwenye kioo. Ukiyaacha, mstari mrefu utajikunja vibaya unapouandika. Ni sawa na kibao cha shamba darasa. Kiwe kikubwa na kisomeke.

4. Historia iandike na muda. Mstari huu kwenye .bashrc unafanya amri ya history ikuonyeshe tarehe na saa ya kila ulichoandika:

HISTTIMEFORMAT="%d/%m/%Y %H:%M "

Ongeza HISTSIZE=5000 na HISTFILESIZE=10000 ili isisahau upesi. Na ukitaka kurudia mstari mrefu wa wiki iliyopita, bonyeza Ctrl na R, andika herufi chache zake, utautokea. Mara nyingi hii inatosha, huna haja hata ya kutengeneza jina la mkato.

5. Nakala iwe rahisi kuliko kisingizio. Nakala zangu zilichelewa kwa sababu zilikuwa kazi. Sasa nina hii:

nakala() { cp -r ~/Nyaraka/kata /media/afisa/FLASHI/kata-$(date +%F); }

Badala ya afisa na FLASHI weka jina lako la mtumiaji na jina la flashi yako. Kila jioni naandika nakala, na flashi inapata folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo. Kama utaandika kitu chenye tarehe kwa alias badala ya fanksheni, tumia alama moja moja za kunukuu. Ukitumia zile mbili mbili, tarehe itagandishwa ile ya wakati ulipofungua dirisha.

6. Ukisahau neno lako lina nini ndani, uliza kabla ya kulitumia: type safi. Ukitaka kuliondoa, unalias kwa alias, na unset -f kwa fanksheni, kisha ulifute kwenye .bashrc. Na ukiharibu .bashrc mpaka teminali haifunguki vizuri, anzisha sheli kwa bash --norc, urudishe ile nakala ya zamani.

Kuna wanaoshauri kuweka alias rm='rm -i' ili sheli iulize kabla ya kufuta. Si vibaya, lakini usiitegemee. Ukiongeza -f mbele yake, kuuliza kunakufa, na siku ukikaa kwenye kompyuta ya mwenzako kinga hiyo haipo. Mkono utakuwa umeshazoea kutokuogopa.

Mwisho

Sikuacha kutumia teminali. Msimu huu kazi ya kuhakiki majina nimeimaliza kwa asubuhi moja, na muda uliobaki nimeupeleka shambani, mahali unapotakiwa kuwa. Ila majina yangu ya mkato sasa ni tisa, si ishirini na kitu, na yote nayajua ndani yana nini.

Kama wewe ni afisa mwenzangu mwenye laptopu iliyochoka, jaribu. Anza na neno moja lisiloweza kudhuru, la kukufikisha kwenye folda tu. Na siku ukikosea, usiseme mtandao. Kuna mtu anaweza kuwa anapanda kilima akidhani kosa ni lake.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye uhifadhi wa mahindi na mifuko isiyopitisha hewa. Kazi njema.